Shajara ya mradi: albamu za likizo za pwani, Bukavu

Juni, kiangazi kinaingia

Mvua imekatika, kwa hiyo albamu zimefunguliwa. Kazi ya namna hii haianzishwi Bukavu mwezi wa Novemba. Tangu Septemba hadi Mei hewa ya hapa kando ya Kivu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, imejaa unyevu. Gelatini inayobeba picha hunywa unyevu huo, ikalainika, ikanata kwenye chochote kinachoigusa. Ukifungua wakati wa mvua albamu iliyofungwa tangu miaka ya 1980, picha nyingi hubaki zimeng'ang'ania plastiki. Juni, Julai na Agosti karatasi hukauka yenyewe na mkono unaweza kufanya kazi bila kuharibu.

Vilivyokusanywa ni albamu za familia za komini za Bukavu, yaani Ibanda, Kadutu na Bagira, bahasha za negatifu, sanduku la slaidi, kamera za kidijiti ambazo haziwaki tena, na simu za zamani zenye kadi za memori. Vyote vinahusu likizo za pwani, na njia ni zile zile mbili. Ya kwanza inateremka Uvira na Bujumbura, inavuka Tanganyika hadi Kigoma, inapanda treni ya Tabora, Dodoma na Morogoro hadi Dar es Salaam, na kumalizikia Zanzibar. Ya pili inapita Kigali, Kampala na Nairobi hadi Mombasa. Kila familia itapata nakala za kidijiti, kitabu kimoja cha karatasi, na chini ya kila picha maneno ya mtu aliyekuwepo.

Maneno hayo ndiyo yamepewa nafasi ya kwanza. Skana itakuwepo mwakani na mwaka utakaofuata. Mama anayejua ni nani yule aliyesimama nyuma ya nguzo kwenye gati la Kigoma, hatuna hakika ya kumkuta siku zote. Ndiyo maana utaratibu uliozoeleka umegeuzwa. Kila ukurasa wa albamu unapigwa picha kwa simu kama ulivyo, bila kugusa kitu. Kisha kila picha inakuzwa na kuchapwa kwenye karatasi ya kawaida ya A4, na karatasi hizo zinapelekwa kwa wenyewe. Kusafisha na kuskani vinakuja baadaye.

Kupiga ukurasa mzima kuna faida nyingine. Aliyebandika picha alizipanga jinsi safari ilivyokwenda: gati, meli, behewa, bahari. Ukizibandua kabla ya kuhifadhi mpangilio huo, umeng'oa kalenda ya safari nzima, na hakuna programu itakayokurudishia.

Juni, vikao na wazee

Karatasi ya A4 inafanya kazi kuliko picha yenyewe. Mzee mwenye macho hafifu anaona sura, anaweza kuandika juu yake kwa kalamu, na hakuna anayeogopa kuichafua. Simu ya kurekodi inawekwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwa sababu juu ya meza tupu kila kikombe kinachotuliwa kinasikika kama nyundo. Mwanzoni mwa kila picha namba yake inatajwa kwa sauti, "albamu ya tatu, picha ya kumi na mbili", ili baadaye sauti na picha vikutane bila kubahatisha. Kikao kisizidi saa moja. Baada ya hapo majibu huwa mafupi, na mengi huwa ya kumridhisha anayeuliza.

Swali la mwaka halizai kitu. Ukiuliza "Mama, hapa ni mwaka gani?" unapata kimya au namba ya kukisia. Ukiuliza "Mama, huyu uliyembeba mgongoni ni yupi kati ya watoto?" unapata jina, na mtoto huyo ana mwaka wa kuzaliwa. Maswali mengine yenye mavuno: nani alishika kamera, mlilala kwa nani, mlikula nini siku hiyo, nguo hii ilishonwa wapi. La kamera halisahauliki, kwa sababu mpiga picha ndiye asiyeonekana popote, na mara nyingi ndiye baba aliyeilipia safari.

Ndugu wawili wakipingana, yanaandikwa yote mawili pamoja na jina la aliyesema. Hakuna kuamua mezani. Mmoja akisema Bagamoyo na mwingine Kigamboni, itaamuliwa na kitu kilichomo kwenye picha, siyo na mwenye sauti kubwa.

Katika vikao hivi kuna jambo linalorudi nyumba kwa nyumba, nalo ni maji kupwa na kujaa. Mtu aliyekulia Bukavu anajua maji yanayokaa mahali pake: Kivu ya asubuhi ni Kivu ya jioni. Kule Zanzibar tofauti ya maji makuu ya bamvua, kati ya kujaa na kupwa, hufika karibu mita 4, na upande wa mashariki, Paje na Jambiani, ufuo ni tambarare kiasi kwamba bahari huondoka mpaka ikawa mstari mweupe kule mwambani. Mama mmoja alipewa karatasi yenye watu wadogo katikati ya mchanga mtupu. Kijana alidhani ni jangwa. Yeye akacheka: "Mwanangu, hapo ni baharini. Tulilala maji yako mlangoni, tukaamka hayako. Watoto walilia, walidhani tumeharibu kitu." Maneno hayo yameingia chini ya picha kama yalivyo, bila kunyooshwa.

Julai, kubandua

Albamu zinazosumbua kuliko zote ni zile za kurasa za gundi zenye plastiki ya kufunika juu, zilizouzwa sana miaka ya 1970 na 1980. Gundi yake hugeuka njano, hukakamaa, na huikamata picha kwa mistari. Utaratibu unaokubali:

Inua plastiki polepole ukianzia kona, ukiivuta kurudi nyuma karibu ilale juu yake yenyewe, siyo kwenda juu. Ikianza kuondoka na rangi, simama. Picha hiyo itaskaniwa ikiwa bado ndani. Kama plastiki imetoka salama, chukua uzi wa kusafishia meno usio na nta, upitishe chini ya kona ya picha, kisha uusogeze mbele na nyuma kama msumeno hadi upande wa pili. Usiikunje picha ili kuisaidia. Picha ikikunjwa hupasuka juu, ufa mweupe, na ufa huo haupotei. Kama uzi unakwama, weka ukurasa kwenye friji kavu kwa dakika kumi ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, uuache urudi kwenye joto la chumba kabla ya kufungua mfuko, halafu jaribu tena: gundi ya baridi huwa ngumu na huachia. Ukifungua mfuko ungali baridi, umande unatua juu ya picha, na hapo umeongeza tatizo.

Mashine ya kukaushia nywele haitumiki hapa. Joto linalainisha gundi, ni kweli, lakini linalainisha na gelatini.

Picha zilizonatana uso kwa uso zinaweza kuloweshwa katika maji safi ya kunereka, joto la chumba, nusu saa hivi, mpaka ziachane zenyewe. Maji yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri kwa ajili ya betri yanafaa tu kama chupa inasema ni maji matupu. Kuna chupa ya pili, inayofanana, ambayo ni asidi. Hazilowekwi kabisa: picha zilizochapwa kwa printa ya wino, zenye maandishi ya wino nyuma, na zenye ukungu. Picha iliyonata kwenye kioo cha fremu haibanduliwi. Inaskaniwa pamoja na kioo chake.

Nyuma ya picha, namba inaandikwa kwa penseli laini, pembeni, picha ikiwa juu ya kitu kigumu. Kalamu ya bik inachimba na kutokeza mbele. Karatasi za miaka ya karibuni, zenye tabaka la plastiki nyuma, hazishiki penseli. Hizo zinawekwa kila moja kwenye bahasha na namba inaandikwa juu ya bahasha kabla picha haijaingia.

Julai, ukungu

Sanduku moja lilikuwa limekaa chini ya paa linalovuja. Ukungu ukiwa hai unapaka, ni laini, una harufu ya udongo uliolowa. Ukilala unakuwa unga mkavu. Ulio hai hausuguliwi, maana utausambaza na kuukandamiza ndani ya gelatini. Sanduku lote limetengwa na mengine, picha zimetandazwa kivulini penye upepo mpaka zikauke, jua lisizipige. Baada ya hapo zinapigwa brashi laini nje ya nyumba, brashi ikielekea upande mmoja tu, mfanyakazi akiwa na barakoa ya N95 na glavu za nitrili. Maji hayagusi picha ya ukungu hata tone: ukungu umekwisha kula gelatini, na sehemu iliyoliwa huyeyuka ikilowa, sura inaondoka na maji.

Ukungu huota unyevu wa hewa unapopita kama asilimia 65. Kipimo kidogo cha unyevu kimewekwa ndani ya kila sanduku na lengo ni kubaki chini ya 50. Silika jeli ya rangi ya chungwa inafanya kazi hiyo. Ikigeuka kijani imeshiba, inarudishwa katika oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu. Jiko la makala halifai kwa hilo, halina kipimo, na jeli iliyoungua hainywi tena. Mchele, ambao wengi wanaupendekeza, hunyonya kidogo sana na huita mende na panya kwenye karatasi.

Mwisho wa Julai, skana

Skana nyembamba zinazopata umeme kutoka USB zinavutia mji ambao umeme unakatika: haziombi hata soketi. Lakini kihisi chake huona tu kinachogusa kioo. Picha iliyojipinda, na za hapa karibu zote zimejipinda, inatoka kali katikati na hafifu pembeni. Skana nene ya zamani yenye kioo cha ndani na lenzi huona hata milimita chache juu ya kioo. Ndiyo inayotumika, pamoja na onduleri (betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika) ya VA 650. Mzigo wa skana na kompyuta ya mkononi ni kama wati 80 hadi 90, na betri ikiwa mpya hiyo inatosha kwa robo saa na zaidi, muda wa kumaliza picha iliyoko kwenye kioo na kuzima kwa utaratibu. Umeme ukikatika katikati bila onduleri, faili huweza kuonekana nzima kwenye orodha, lakini ukiifungua nusu ya chini ni kijivu. Kila mwisho wa kazi faili zote zinatazamwa kwa ukubwa. Iliyo ndogo kuliko wenzake inarudiwa.

Mipangilio: picha za karatasi dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), rangi biti 24, faili za TIFF zisizopoteza ubora, marekebisho yote ya kiotomatiki yakiwa yamezimwa, hasa ya kunoa na ya kuondoa vumbi. Picha ya sentimita 9 kwa 13 inatoa pikseli 2,126 kwa 3,071, kama MB 20. Albamu ya picha 300 ni GB 6. Negatifu na slaidi za milimita 35 zinaskaniwa kwa dpi 3,200, kama pikseli 3,000 kwa 4,500. Kupanda zaidi ya hapo kwenye skana ya mezani kunaongeza uzito wa faili, hakuongezi sura.

Kwa slaidi, soma fremu kabla ya yote. Zenye jina Kodachrome rangi zake zimebaki kama jana, kwa sababu filamu hiyo ikikaa gizani haififii upesi. Lakini usafishaji wa vumbi kwa mwanga wa infraredi hauelewani nayo: programu inaona kingo za sura kama vumbi na kuzifuta. Vivyo hivyo kwa filamu nyeusi na nyeupe ya fedha. Vumbi la filamu hizo linaondolewa kwa pampu ya mkono, siyo kwa pumzi ya mdomo, maana pumzi ina mate. Negatifu inayonuka siki inatengwa: ni asetati inayovunjika, na mvuke wake unaharakisha kuharibika kwa jirani zake. Hiyo inaskaniwa kwanza.

Karatasi za miaka ya 1970 zenye uso wa vishimo vidogo kama sega la nyuki zimehitaji njia ya pekee. Taa ya skana inapiga upande mmoja na kila kishimo kinang'aa. Picha inaskaniwa mara mbili, ya pili ikiwa imegeuzwa nyuzi 180, kisha mbili hizo zinalazwa moja juu ya nyingine na kuchanganywa nusu kwa nusu. Vishimo vinafutana, sura zinabaki.

Agosti, rangi

Picha za rangi za miaka ya 1960 na 1970 zilizokaa gizani zimekuwa nyekundu, kwa sababu rangi ya sayani (buluu-kijani) ndiyo inayokufa kwanza. Zilizoning'inizwa ukutani zimepauka kwa namna nyingine, kwa sababu mwanga huanza na majenta (nyekundu-zambarau). Hakuna kitufe kimoja cha kuzitibu zote. Kazi inafanywa kwenye nakala, TIFF ya kwanza haiguswi kamwe, na kila mkondo wa rangi (nyekundu, kijani, buluu) unasawazishwa peke yake.

Marekebisho ya kiotomatiki yanaharibu watu weusi. Programu ikikuta familia ya Bukavu imesimama mbele ya mchanga mweupe wa Nungwi, inadhani picha ina giza, inainua mwanga wote, na ngozi inakuwa jivu. Chagua mwenyewe kitu ambacho hakika kilikuwa cheupe: shati la shule, kanzu, povu la wimbi, herufi za rangi kwenye ubavu wa meli. Mchanga usiuchague, kwani wa Zanzibar ni mweupe lakini una njano kidogo. Kisha tazama ngozi ya mtu mmoja ambaye ndugu zake wako hai na waulize. Kwa picha ya bibi harusi aliyepelekwa Mombasa fungate, dada yake alitazama skrini akasema tu, "Alikuwa mweusi zaidi ya hapo, na alikuwa anang'aa." Ikateremshwa, ikaulizwa tena, ikakubaliwa.

Agosti, kutafuta tarehe

Sehemu hii ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo yenye mitego.

Mtego wa kwanza: mwezi na mwaka uliochapwa kwenye ukingo mweupe wa picha ni wa maabara. Filamu iliyopigwa Zanzibar mwezi wa nane ingeweza kukaa ndani ya kamera hadi Noeli ndipo isafishwe. Tarehe hiyo inasema tu kwamba picha si ya baada ya hapo. Mtego wa pili: kamera ya kidijiti betri yake ndogo ikifa, saa hurudi mwanzo, na likizo nzima inaandikwa tarehe 1 Januari ya mwaka ambao kamera ilitengenezwa au 2000. Mtego wa tatu ni mdogo lakini unapotosha: Bukavu iko saa moja nyuma ya Zanzibar na Mombasa. Kamera iliyowekwa saa ya nyumbani inaandika 17:30 wakati jua la Forodhani, Zanzibar, linazama saa kumi na mbili na nusu jioni.

Baada ya hapo picha inasomwa kwa vitu vilivyomo.

Beit el-Ajaib, jumba la 1883 lililo mbele ya Forodhani, likionekana zima pamoja na mnara wake wa saa, picha ni ya kabla ya tarehe 25 Desemba 2020, siku sehemu yake ilipoanguka. Vijiti vya mwani vilivyopangwa kwenye maji mafupi ya Paje au Jambiani: kilimo hicho cha biashara kilianza Zanzibar karibu 1989, kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya miaka ya 1970 hata mzee akiapa. Mombasa, daraja la Nyali la zamani lililoelea juu ya maboya lilipisha la zege mwaka 1980. Nairobi, mnara wa KICC, jumba la mikutano, ulikamilika 1973. Mji ukionekana kutoka Uhuru Park bila mnara huo, umeshapata kikomo. Magari ya Kenya yenye namba za kuanzia KAA na herufi ya mwisho ni ya 1989 na kuendelea. Meli ya Liemba, kwa bahati mbaya, haisaidii: ilijengwa Ujerumani 1913 na imeonekana Kigoma kizazi hadi kizazi, hivyo yupo tate na yupo mjukuu, wote wameegemea chuma kile kile.

Dalili bora kuliko zote hazikutoka pwani, zimetoka nyumbani. Wanaume waliovaa abakosti, suti ya enzi ya Mobutu isiyo na tai, wamesimama mbele ya stesheni ya Dar es Salaam, ni Wazaire wa kati ya mwanzo wa miaka ya 1970 na Aprili 1990, Mobutu alipofungua mlango wa vyama vingi na tai zikarudi shingoni. Maandishi ya nyuma ya picha yanasema zaidi. Mtu yule yule anajiandika kwa jina la ubatizo kabla ya 1972, na baada ya hapo, majina ya Kikristo yalipokatazwa, anajiandika kwa majina ya ukoo peke yake. Muhuri wa pasi wenye neno Zaire uko kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Kwa dalili hizo tatu, rundo lililokuwa "miaka ya zamani" limegawanyika kwa miongo bila kumsumbua mzee yeyote.

Tarehe inaandikwa kwa kiwango cha uhakika wake, kwa mtindo wa ISO 8601-2 wa 2019, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe: 1978~ kwa makadirio, 197X kwa muongo unaojulikana bila mwaka, [1991,1992] kwa mmoja kati ya hiyo miwili. Alama hizo zinakaa ndani ya taarifa za picha, siyo kwenye jina la faili, maana mifumo mingine inazikataa. Jina la faili ni fupi: familia, albamu, namba. F03_A2_012.tif. Mahali, watu na maneno vinaingizwa kwa programu ya ExifTool ndani ya faili yenyewe, ili vikisafiri na picha visidondoke njiani.

Maandishi ya mfano, kama yalivyokubaliwa na familia: "Jambiani, maji yametoka. Mama ameshika viatu vya wote. Nyuma, vijiti vya mwani. Amepiga baba. 1991 au 1992."

Agosti, kamera na simu

Kadi za memori hazifunguliwi kwenye simu, kwa sababu simu huandika vitu vyake juu ya kadi na inaweza kufunika picha zilizofutwa. Zinasomwa kwa kisomaji, nakala kamili ya kadi inachukuliwa kwanza, na PhotoRec, programu ya kufufua picha zilizofutwa, inaendeshwa juu ya nakala. Picha zilizopita WhatsApp kama picha za kawaida zimepunguzwa na kuvuliwa tarehe na mahali. Ikiwa aliyepiga bado ana simu yake, aombwe azitume upya kama hati.

Septemba, mvua imerudi

Kazi ya mkono imesimamishwa, ya kompyuta inaendelea. Kila kitu kiko katika nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iko nje ya mji. Diski zimeandaliwa kwa exFAT ili zifunguke kokote. Kila folda ina orodha ya SHA-256, alama inayobadilika faili ikiharibika hata kidogo, na orodha hiyo inahakikiwa baada ya kila kunakili, maana kunakili kwenye umeme unaoyumba kunaweza kuacha faili yenye jina sahihi na matumbo mabovu.

Flash zinazouzwa sokoni kwa uwezo wa kutisha na bei ya kuchekesha zimejaribiwa kwa programu ya H2testw kabla ya kuaminiwa. Nyingine zinajitangaza TB 2 lakini zina GB 16 za kweli. Zikijaa zinaanza kuandika juu ya picha za mwanzo, bila onyo lolote. Flash isiyopita jaribio hairudishwi sokoni, inavunjwa.

Oktoba, kitabu

Ukubwa ni A4 wima, picha kwa dpi 300. Picha ya 9 kwa 13 iliyoskaniwa kwa dpi 600 inaweza kukuzwa mara mbili, 18 kwa 26, bila kupoteza ukali. Kingo zimezidishwa milimita 3 za kukatwa, na upande wa mshono umeachwa milimita 20 tupu, la sivyo sura ya mtu wa katikati inamezwa na mshono. Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne. Karatasi ni ya gramu 170, na imeshonwa kwa uzi. Gundi peke yake hupasuka, kwani kitabu hiki kitafunguliwa na mikono mingi sebuleni. Kabla ya kuchapa vyote inachapwa karatasi moja ya jaribio yenye sura nyingi, kwa sababu ngozi nyeusi inayoonekana vizuri kwenye skrini hutoka na giza kwenye karatasi. Toni za kati zimeinuliwa kidogo, nyeusi kamili haikuguswa. Herufi ni za ukubwa wa 13, wazee wasome bila kuomba miwani ya jirani.

Majina kamili ya watoto hayamo katika nakala zinazotumwa kwa simu. Yamo kwenye kitabu cha nyumbani tu, na kwa ruhusa ya wazazi.

Picha za asili zinarudi kwa wenyewe katika bahasha za karatasi au polipropilini. Plastiki laini yenye harufu kali haitumiki, inatoa mvuke unaokula rangi. Maelekezo yaliyobandikwa juu ya kila sanduku: liwe kwenye kabati la ukuta wa ndani, si ukuta unaopigwa na mvua, juu ya sakafu angalau shubiri moja, lisiwe chini ya mabati penye joto la mchana.

Imebaki albamu moja ya Bagira ambayo kurasa zake zote zimeshikana kwa ukungu uliokauka na haikuwezekana kuipiga hata kwa simu. Mwenyewe, mama wa makamo, aliombwa aisimulie ikiwa imefungwa mapajani. Akataja ukurasa kwa ukurasa: gati la Kigoma na dada zake wawili, dirisha la treni baada ya Tabora, mkono wa mtu umeshika muwa, wa tatu ni Dar es Salaam, foleni ya pantoni ya Kigamboni, wa nne ameupita, hakumbuki, wa tano ni Forodhani usiku, na picha ilitoka nyeusi lakini waliibandika. Sauti hiyo imepewa namba za kurasa na kuhifadhiwa pamoja na nyingine. Albamu iko kwenye boksi lililozibwa, kipimo kinasoma 42, na itajaribiwa kwa uzi kuanzia ukurasa wa nne.